Mgonjwa wa kemo asirudishwe Ukambani mikono mitupu

Mimi ni dereva wa matatu, safari zangu ni Kitui na Nairobi, na barabara hii imenifundisha kumjua mgonjwa wa saratani kabla hajajieleza. Huwahi stejini ili apate kiti cha mlangoni. Asubuhi hiyo hajatia kitu tumboni. Mkononi ana mkebe wa Kasuku wenye kifuniko, kwa sababu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017 na mfuko wa karatasi hauwezi kubeba matapishi hadi Machakos. Hana maneno mengi. Huuliza tu: "Dereva, utasimama wapi?"

Anauliza habari ya choo. Tukitoka Kitui tunapita Kwa Vonza, Wamunyu, Machakos, tunaingia barabara ya Mombasa pale Kyumvi, kisha tunakutana na foleni ya Mlolongo. Choo cha kutegemea njia nzima ni kile cha kituo cha mafuta, na mara nyingi kina kufuli na mwenye ufunguo amekwenda kunywa chai. Mtu mzima wa afya atajikaza. Aliyechomwa mionzi ya nyonga hawezi kujikaza hata dakika mbili, na asidhaniwe kuwa amekosa adabu au moyo. Utumbo wake haumsikilizi tena.

Tukizungumzia saratani Kitui na Makueni, tunazungumzia mashine, madaktari bingwa na pesa za SHA, bima ya afya ya taifa. Tumbo hatulitaji, tunaona haya. Nami nimebeba garini watu walioacha matibabu katikati kwa sababu ya kuhara na kutapika, si kwa sababu uvimbe uliwashinda. Wananiambia wenyewe, kwa sauti ya chini, tukishapita Wamunyu na abiria wengine wakiwa wamelala. Takwimu za shirika la utafiti wa saratani la WHO za mwaka 2022 zinaonyesha Kenya ilipata karibu wagonjwa 45,000 wapya, na zaidi ya watu 29,000 wakafa. Naamini wamo humo waliokufa kwa kukosa vitu vinavyouzwa katika duka la dawa la sokoni.

Mama yangu alikaribia kuwa mmoja wao. Ana saratani ya mlango wa kizazi, ile inayoua wanawake wengi nchini kuliko saratani nyingine yoyote. Kwake ni upande wa Kathonzweni, Makueni. Makueni haina mashine ya mionzi na Kitui haina, kwa hiyo alihamia kwa binamu yangu Pipeline, Embakasi, akawa anaenda hospitali kila Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, na siku moja katika kila wiki akiwekewa kemo ya sisplatini. Anayeijua Pipeline ataelewa. Chumba kimoja ghorofa ya nne, choo kimoja kwa nyumba zote za sakafu ile, maji yanakuja kwa ratiba ya mwenye nyumba. Wiki mbili za mwanzo tulidhani tumebahatika. Ya tatu tumbo likafunguka.

Muuguzi mmoja mpole ndiye aliyenieleza kinachotokea, na ningetamani kila familia ielezwe hivyo kabla ya siku ya kwanza. Alisema ngozi ya ndani ya utumbo ni kama ukuta wa udongo unaopakwa upya kila baada ya siku chache, na dawa ya kemo, kwa kuwa huwinda chembe zinazozaliana upesi, humfukuza fundi wa kupaka. Ukuta unabaki mtupu. Maji yanapita, chakula kinapita, vijidudu navyo vinapata njia ya kuingia kwenye damu. Mionzi inayolenga mlango wa kizazi nayo haina budi kuupitia utumbo ulio jirani. Ndiyo maana kuhara huanza wiki ya pili au ya tatu, na huweza kuendelea wiki kadhaa baada ya mgonjwa kuambiwa amemaliza.

Kutapika nako kuna saa zake. Sisplatini hupiga mara mbili: mara ya kwanza ndani ya siku ile ile, mara ya pili kuanzia kesho yake hadi siku ya nne au ya tano. Mgonjwa anayewekewa dawa Nairobi asubuhi na kupanda gari jioni anakutana na pigo la kwanza garini mwangu, na la pili kitandani kwake kijijini, ambako aliyemwandikia dawa hayupo. Isitoshe, dawa hiyo huumiza figo, na figo zisizo na maji huumia zaidi. Mtu anayehara na kutapika kwa pamoja katika hali hiyo hafai kuambiwa avumilie.

Wiki ya nne nilimkuta Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, amefunga nguo zake ndani ya leso, yuko tayari kwenda nyumbani. Mpangaji mmoja alikuwa amegonga mlango wa choo akipiga kelele kwamba nyumba nzima haiwezi kumngojea mtu mmoja. Mwaitu hakuniambia kwamba anaumwa. Aliniambia, "Mwanangu, nimekuwa mtu wa kuchafua. Nipeleke kwangu nikafie mahali pasipo na watu." Daktari alikuwa ametueleza kwamba matibabu yote ya saratani ile, mionzi ya nje na ya ndani, yanapaswa kukamilika ndani ya wiki nane hivi, na kila siku inayorukwa hupunguza nafasi ya kupona. Mwaitu alibaki kwa sababu binamu yangu alinunua ndoo yenye kifuniko, akatenga pembe ya chumba kwa pazia, na kumwambia choo chake ni kile. Ndoo na pazia ndivyo vilivyomzuia asiondoke, baada ya mawaidha yetu yote kushindwa.

Tuliporudi Kathonzweni tulikuwa na karatasi yenye tarehe ya kliniki. Basi. Hakuna aliyetuandikia ni nini cha kufanya akihara usiku, wala nambari ya kupiga. Sitataja hospitali, kwa maana abiria wangu wanatoka hospitali mbalimbali na karatasi zao zinafanana. Usiku mmoja Mwaitu alitapika na kuhara hadi akawa hawezi kuinua kichwa, midomo imekauka, mkojo hajauona tangu adhuhuri. Tulimpandisha boda, yeye katikati na mimi nyuma nikimshika, hadi kituo cha afya cha karibu, tukampata mlinzi. Akatuonyesha hospitali ya mbele. Huko ndiko alikowekewa maji mshipani, na kufikia alfajiri akaomba chai. Maji ya chumvi ya mfuko mmoja, kisha wa pili. Kilichokuwa kinamuua usiku ule ni ukosefu wa maji hayo.

Niseme sasa jambo ambalo wanaume wenzangu wa Ukambani hawapendi kulisema. Kwetu mwana wa kiume mzima haoni uchi wa mama yake. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimwosha, na dada yangu aliyeolewa Mutomo alikuwa akija kupitia barabara ya Kibwezi kila alipoweza. Lakini zilikuwako siku ambazo mke wangu yuko sokoni na dada yuko kwake, na tumbo halingoji zamu ya mtu. Siku ya kwanza Mwaitu aliugeuza uso ukutani, nami nikaugeuza wangu mlangoni, nikafanya kazi kwa mikono tu. Maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, kugusa bila kusugua, kwa sababu ngozi iliyochomwa mionzi huchubuka kama ya mtoto mchanga. Kukausha kwa kubonyeza. Glavu, maana siku mbili za kwanza baada ya kemo dawa hutoka na mkojo na kinyesi, na anayesafisha anapaswa kujikinga. Siku zilizofuata tuliacha kugeuza nyuso. Alianza kunipa habari za baba yangu akiwa kijana wakati nikimwosha. Simvunjii heshima ninapoandika haya, nimemwomba ruhusa akanipa. Ninawaambia wanaume: mama yako asilale katika uchafu kutwa nzima akisubiri binti afike kutoka Nairobi, na wewe umeketi nje chini ya mwembe.

Fundi mmoja wa mji wa Wote alinitengenezea kiti cha choo. Nilimpelekea kiti cha plastiki cha kawaida, akakata tundu la duara katikati, akaupitisha moto ukingo hadi ukawa laini, kisha akaufunika kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli ili usimkate. Chini tukaweka ndoo yenye majivu ya jikoni sentimita chache, na kila baada ya matumizi tukanyunyiza mengine juu. Harufu ilipungua sana. Choo chetu cha shimo kiko mbali na nyumba, cha kuchuchumaa, na mwanamke wa umri wake aliyekosa maji mwilini akichuchumaa usiku huanguka. Kiti kile kiligharimu pesa kidogo kuliko nauli ya kwenda kliniki.

Chakula ndicho kilichotugombanisha na watu. Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Walikuja na maziwa, mkate, soda, kuku, na muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, uliopikwa na maharagwe kwa upendo wa kweli, wakamwona hali chakula, wakaanza kunong'ona kwamba amekata tamaa. Hakuwa amekata tamaa. Maganda ya maharagwe na nyuzi za mahindi vilikuwa vinamkwaruza kote vinakopita. Maziwa nayo, utumbo uliobabuka hushindwa kuyeyusha sukari yake, yakaongeza kuhara. Maembe, na ilikuwa Desemba yalipojaa Makueni yote, ilibidi ayatazame tu. Vilivyokaa tumboni ni uji mwembamba wa mchele, ndizi mbivu, viazi vilivyopondwa, wali laini, kuku wa kuchemsha aliyeondolewa ngozi na mafuta, kila kitu kwa vijiko vichache mara nyingi kwa siku. Ndengu za dada kutoka Mutomo zilikaa kwenye debe hadi tumbo lilipotulia. Ukienda kumwona mgonjwa wa kemo, uliza nyumbani wanahitaji nini. Pengine ni mtungi wa maji.

Kuhusu maji nina la kusema zaidi. Kila mtu husema mpeni mgonjwa ORS, ile chumvi ya paketi ya kurudisha maji mwilini, na ni sawa kabisa. Lakini visima vingi vya kuchimbwa Kitui na Makueni vina maji ya chumvi, ambayo hata ng'ombe huyanywa kwa kusita. Ukikoroga ORS kwa maji hayo unaongeza chumvi juu ya chumvi, na dawa iliyopimwa kwa uangalifu inageuka kitu kingine. Sisi tulitumia ya tangi la mvua, na yalipoisha tukachota kwenye mchanga wa mto, tukachemsha. Tena usome paketi. Zipo za nusu lita na zipo za lita moja, na nimeona nyumba wakikoroga ya nusu lita kwenye jagi la lita mbili ili idumu.

Halafu kuna shubiri, wazee wetu wanaiita kiluma. Jirani alileta majani yake kwa nia njema, kwamba inasafisha tumbo. Ni kweli inasafisha, utomvu wake wa manjano ni haluli kali, na ndiyo sababu haifai kwa mtu ambaye tumbo lake limesafishika hadi damu. Mwarobaini pia ulikuja. Tulishukuru, tukaviweka kando, tukamuuliza daktari kwanza. Siwadharau waganga wetu. Nasema mtu aliye kwenye kemo asiongezewe kitu tumboni bila anayemtibu kujua.

Wapo pia wanaoteseka kinyume chake. Nimembeba mzee ambaye alikuwa amepewa mofini ya maji, ile chungu, kwa ajili ya maumivu, akafunga choo siku nyingi hadi akaanza kutapika. Mofini hufunga choo karibu kwa kila anayeitumia, na baadhi ya dawa za kuzuia kutapika hufunga pia. Anayeandikiwa mofini anapaswa kuandikiwa dawa ya kulainisha choo siku ile ile. Yeye hakuandikiwa, akaamua kuacha mofini. Alikuwa akienda Nairobi akilia kwa maumivu ambayo dawa yake aliiacha kabatini.

Sasa niseme ninachotaka. SHA ilipochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kiliwekwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka. Pesa hizo hulipia kemo na mionzi. Pakiti ya nepi kumi za watu wazima iliyonigharimu karibu shilingi 1,000 haimo, boda ya saa nane usiku haimo. Taifa linalipa malaki ya pesa kumchoma mtu mionzi, kisha linamwachia aache katikati kwa kukosa nepi. Huo ni upotevu wa pesa za umma, tukiacha kando uchungu wa mtu.

Kila mgonjwa wa Kitui na Makueni anayeanza kemo au mionzi apewe mkoba na kaunti yake. Ndani mwake ziwemo ORS za kutosha, dawa ya kuzuia kutapika itakayofika siku ya tano, dawa ya kuzuia kuhara pamoja na onyo kwamba asiimeze kwanza akiwa na homa au damu kwenye choo, dawa ya kulainisha choo kwa aliye kwenye mofini, kipimajoto, glavu, nepi na shuka la mpira. Iwemo karatasi moja kwa Kikamba na Kiswahili inayosema ni wakati gani mtu asingoje asubuhi: joto likifika 38, choo kikizidi mara saba juu ya kawaida yake, damu ikionekana, mkojo ukipotea nusu siku, au akitapika hata maji. Joto hasa, kwa sababu wiki moja au mbili baada ya kemo askari wa damu huwa wachache sana, na homa ya usiku mmoja huweza kumuua kabla ya mchana. Juu ya karatasi hiyo iandikwe nambari ya simu ambayo mtu anaipokea usiku.

Gavana Malombe wa Kitui na Gavana Mutula Kilonzo Junior wa Makueni wasiniambie hakuna njia. Makueni mwaka 2016 ilianzisha MakueniCare, familia ikalipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, wakati kaunti nyingi hazijathubutu. Kitui ina kiwanda cha nguo cha KICOTEC, kilichoshona barakoa mwaka 2020 korona ilipoingia. Mikono iliyoshona barakoa inaweza kushona nepi za kufua na vifuniko vya godoro, na kwa mgonjwa wa kijijini nepi ya kufua ni bora kuliko ya kutupa, kwa sababu hakuna lori la taka linalofika Kathonzweni. Wahudumu wa afya wa vijijini, zaidi ya laki moja nchi nzima, walipewa mikoba yao Septemba 2023 na ndani yake mna kipimajoto na mashine ya kupima presha. Wako milangoni mwetu tayari. Wafundishwe kumtembelea mgonjwa siku ya tatu baada ya kemo, wampime joto, wamuulize bila haya amekwenda choo mara ngapi na amekojoa lini. Na kila hospitali ya Kiwango cha 4 iwe na mtu wa kuweka maji mshipani saa tisa usiku.

Vyoo vya barabarani navyo. Oktoba 20, 2025 Siku ya Mashujaa iliadhimishwa Kitui, uwanjani Ithookwe. Serikali inayoweza kuandaa uwanja mzima kwa sherehe ya siku moja haiwezi kushindwa na choo cha umma Kwa Vonza, chenye maji na kisicho na kufuli.

Madereva wenzangu, abiria wa mlangoni akikuomba usimame, simama. Wenye haraka watanung'unika, watafika. Mimi siku hizi naweka jagi la maji na sabuni chini ya kiti cha nyuma, na makanga anajua asimuulize mtu kwa sauti ana shida gani.

Mwaitu bado yu hai. Alimaliza mionzi yote. Tumbo halijarudi kuwa lile la zamani, na daktari ametuonya kwamba damu inaweza kuonekana hata miezi au miaka baadaye, kwa hiyo anaenda kliniki na anajua la kuangalia. Makueni tuna mikutano ya maendeleo inayoanzia kijijini, ambako mwananchi husimama na kusema bajeti iwekwe wapi. Wengi huomba daraja na kisima, na wana haki. Mkutano wa wadi yetu ukiitishwa nitaegesha gari siku hiyo niende na Mwaitu, niuombe mkoba huo mbele ya maafisa wa afya wa kaunti. Wakisema mwaka huu pesa zimekwisha, nitaomba kwanza ile nambari ya simu ya usiku, kwa sababu hiyo haihitaji tenda.